Muulize Fundi: Springi iliyolia tiii, geti la Nyali na zege lililolishwa sukari

Mwezi huu maswali yamekuja mengi mpaka mhariri akanipigia simu akasema mzee chagua, kurasa hazitoshi. Nimechagua saba, na nilipoyapanga mezani nikacheka maana mmoja analia na kisu, mwingine analia na geti, mwingine kiti kimemwangusha mbele ya wakwe, ila ukichimba wote wanaulizia jambo moja tu, humu ndani kimetiwa nini na kimetiwa kiasi gani. Kama swali lako halimo usinune, lipo kwenye faili.

"Shikamoo fundi. Nipo Singida, nafua visu na majembe nyuma ya nyumba. Kisu cha kwanza nilitumia nondo ya milimita 16, kikanoleka vizuri tu ila ukikata nyama siku mbili kinakuwa kama mwiko. Nikaambiwa tumia springi ya Land Rover. Nikafua, nikapasha mpaka ikawa nyekundu, nikaizamisha kwenye ndoo ya maji, nikasikia tiii, kutoa naona ufa kutoka kwenye makali mpaka mgongoni. Nimeshaharibu mbili. Shida ni springi au mkono wangu?"

Marahaba kijana wangu. Mkono wako mzima, ndoo yako ndo mbaya.

Nondo na springi ni ndugu wa tumbo moja, zote karibu yote ni chuma tupu, kinachowatenganisha ni kaboni, yaani jamii ya mkaa huu huu wa jikoni. Nondo ya kawaida ina kaboni kama asilimia 0.2 hivi, springi ina kama 0.6. Fanya hesabu, kilo moja ya nondo ina gramu mbili, kilo moja ya springi ina gramu sita. Tofauti gramu nne, hata kijiko cha chai haijazi, na hizo gramu nne ndo umezisikia zikilia tiii.

Inakuwaje. Chuma ukikipasha mpaka kikapita wekundu ule ambao sumaku inakataa kushika (jaribu, ning'iniza sumaku kwenye waya uisogeze, sumaku kugoma ni karibu nyuzi 770), basi ukiongeza moto kidogo pale juu kaboni inayeyukia ndani ya chuma kama chumvi kwenye maji ya moto. Ukikiacha kipoe taratibu, kaboni inapata muda wa kutoka na kujitafutia sehemu yake, chuma kinabaki laini. Ukikipoza ghafla inanaswa humo humo haina pa kwenda, chuma kinakakamaa, na kukakamaa huko ndo ugumu wenyewe. Nondo hata uizamishe mara mia haina kaboni ya kutosha ya kunasa, ndo maana kisu chako cha kwanza kimekuwa mwiko. Chuma cha sufuria lile jeusi zito la kumiminwa kwenye kalibu, kwenyewe kaboni ni asilimia 3 na kitu, kimezidi, hakifuliki kabisa, ukikipiga nyundo kinapasuka kama chungu.

Sasa springi za gari haziishii kwenye kaboni. Kiwanda kinatia pia silikoni, wengine kromiamu chini kidogo ya asilimia moja, na manganizi. Kazi ya hivi vitu ni kuichelewesha kaboni isitoke haraka, maana yake springi inakuwa ngumu hata ukiipoza polepole kuliko maji yanavyopoza. Wewe umeipa maji ya bomba ya baridi, ukingo mwembamba umeganda na kukakamaa wakati mgongo bado mwekundu, huku kunavuta kule kunasukuma, ikapasuka. Tumia mafuta, ya kupikia yanafaa kabisa, yapashe mpaka yawe vuguvugu la kuchoma kidole kidogo, kama nyuzi 50 au 60, zamisha kwa ncha kwanza, usikoroge kama uji. Na weka kifuniko cha chuma karibu, mafuta huwaka.

Ukimaliza hapo hujamaliza, na hapa ndo vijana wengi wanakosea. Kisu kikitoka kwenye mafuta ni kigumu kama kioo na kinavunjika kama kioo. Mimi nikiwa mwanafunzi nilitengeneza patasi nikaona uvivu kuirudisha tena kwenye moto, nikaigonga nyundo ya kwanza kipande kikaruka kikanipita sikioni kikaenda kutoboa kalenda ya ukutani, fundi wangu hakusema neno, alichomoa kile kipande akaniwekea mfukoni mwa shati. Kisugue king'ae, kisogeze kwenye moto mdogo ukikiangalia, kitaanza kubadilika rangi, kikifika rangi ya majani makavu ya mpunga, kama nyuzi 220 hivi, hapo ni makali ya kisu. Jembe na shoka unaacha ziende mbele mpaka zambarau au bluu, karibu 300, zinapoteza ugumu kidogo ila hazikatiki ukigonga jiwe.

La mwisho kwako, hujui chuma ulichookota ni kipi? Kipeleke kwenye grenda kwenye giza. Nondo inatoa cheche ndefu zilizonyooka zenye vinyota vichache, springi inatoa cheche zinazopasuka pasuka, tupa ya zamani ambayo ina kaboni kama asilimia 1 na zaidi inalipuka vinyota kama fataki. Na usikate karibu na lile tundu la katikati ya springi, hapo ndo imechoka, mara nyingi ina ufa ambao hujauona.

Nikuongezee ujivunie kidogo. Wahaya kule Kagera walikuwa wanayeyusha chuma chenye kaboni, sio chuma laini, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hiyo baada ya kukaa na wazee wakijenga tena tanuri, chini ya tanuri walikuwa wanatia matete ya kinamasi yaliyochomwa, na humo ndo kaboni ilikuwa inaingia.

"Fundi habari. Kahama hapa. Fundi wangu anachomelea nondo za nguzo badala ya kufunga na waya, anasema ni imara zaidi. Jirani ananitisha. Nani mkweli?"

Jirani, kwa nusu. Soma jibu la mdogo wako wa Singida hapo juu halafu rudi. Ukidonoa nondo kwa mashine ya kuchomelea, pale ulipodonoa panafika moto mkali sana, na nondo yenyewe pembeni ni baridi, kwa hiyo inavuta lile joto kwa sekunde chache. Umeipoza ghafla bila hata ndoo ya maji. Kama nondo ina kaboni kidogo, karibu 0.2, hakuna kitakachotokea cha maana. Kama ni zile zenye kaboni nyingi, na zipo, hasa za zamani na za kuokoteza, kadoa kale kanageuka kioo na nondo inakatikia pale pale ukiikunja.

Wahandisi hawaangalii kaboni peke yake, wana hesabu yao, wanachukua kaboni wanajumlisha manganizi ukigawa kwa sita, wanajumlisha na kromiamu na wenzake ukigawa kwa tano na kuendelea, maana kila kimojawapo kinasaidia kukakamaza. Wewe huna cheti cha hiyo nondo mkononi, hujui hesabu inatoa ngapi. Waya wa kufungia ni bei ya soda mbili. Afu waya kazi yake ni kushika nondo zisihame wakati zege linamwagwa, basi, zege likishaganda lenyewe ndo linashika. Kwahiyo uimara anaousema huyo fundi haupo.

"Assalaam alaykum fundi. Niko Nyali, Mombasa. Nimewekewa geti na reli za ngazi za stenlesi, fundi akaapa haishiki kutu maisha. Mwaka haujaisha yashaanza madoa rangi ya chai, na kwenye maungio ni kutu kabisa. Nikamwita akaja na sumaku, akasema ona sumaku haishiki, hii ni original. Nimepigwa?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Yawezekana umepigwa, yawezekana pia hukupigwa lakini hukuulizwa unakaa wapi.

Stenlesi ni chuma kilichotiwa kromiamu angalau asilimia 10.5. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1913 alikuwa anatafuta chuma cha mtutu wa bunduki kisicholika haraka, akatia kromiamu karibu 13, akaja kugundua kwamba haishiki kutu, mji wake ni wa visu basi ikawa biashara ya visu. Siri ni kwamba kromiamu inashika oksijeni na kutengeneza ngozi juu ya chuma, nyembamba mno macho hayaoni, ukiikwaruza inajirudishia yenyewe. Sasa adui wa hiyo ngozi ni chumvi, na wewe Nyali unavuta hewa ya chumvi asubuhi mpaka jioni.

Ile ya kawaida madukani inaitwa 304, ina kromiamu 18 na nikeli 8. Nairobi inakaa vizuri mno, ufukweni inapata hayo madoa ya chai. Ya kukaa ufukweni ni 316, ambayo ni karibu sawa na hiyo ila imeongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, hako kadogo ndo kanaifanya ngozi ivumilie chumvi. Hata hiyo nayo inataka kuoshwa na maji baridi ya bomba mara kwa mara, hakuna stenlesi ya kusahau.

Halafu kuna kundi la tatu, hili ndo linanitia wasiwasi kwako. Nikeli ni ghali, kwahiyo viwanda vingine vinapunguza nikeli vinatia manganizi nyingi badala yake, vinapunguza na kromiamu kidogo. Inang'aa vile vile na sumaku haishiki vile vile! Kwahiyo sumaku ya fundi wako haijathibitisha kitu. Kinachofanya sumaku isishike ni mpangilio wa ndani wa chuma ambao nikeli inaleta na manganizi nayo inasaidia kuleta, haina uhusiano na kutu. Ziko stenlesi halali kabisa za kromiamu bila nikeli ambazo sumaku inashika, sufuria nyingi kitako chake ni hicho. Kuna kidawa cha matone cha kupimia manganizi, wauzaji wakubwa wa vyuma wanacho, mwambie adondoshe kwenye kipande mbele yako.

Kwenye maungio sasa, hapo simwachi fundi wako. Mambo matatu. Kwanza muulize alitumia vijiti gani vya kuchomelea, wengine wanatumia vile vile vya chuma cha kawaida, umeunganisha stenlesi na kitu kinachooza. Pili grenda, kama diski aliyosagia mabati jana ndo amesagia geti lako leo, amepaka vumbi la chuma juu ya stenlesi na hilo vumbi ndo linashika kutu. Tatu ni kaboni tena, ile ile ambayo kijana wa Singida anaitafuta kwa tochi. Kwenye stenlesi kaboni ni mwizi, pembeni ya pale ulipochomelea, sehemu zilizokaa kwenye joto la nyuzi 450 mpaka 850, inaikamata kromiamu na kukaa nayo pembeni, pale chuma kinabaki hakina kromiamu ya kutosha kujenga ngozi. Ndo maana kuna stenlesi na vijiti vyenye herufi L mwishoni, kaboni haizidi 0.03. Maungio yasafishwe na dawa yake ya asidi mpaka ile rangi ya upinde wa mvua ya moto iondoke, avae glavu na miwani maana ni sumu ile, kisha yaoshwe sana. Kama kwenye bomba lenyewe mbali na maungio napo kutu inachimba vishimo, hapo usisafishe, hapo kadai pesa.

"Fundi tusaidie haraka. Tupo Kilombero, tumemwaga slebu ndogo ya veranda Jumamosi, leo Jumatatu ukiweka kidole kinaingia. Saruji ni nzima, fundi yule yule, mchanga ule ule wa siku zote. Kitu pekee tofauti ni maji, tulichota kwa mapipa ya jirani ambayo alikuwa anabebea molasi, tuliyasuuza lakini."

Mmesuuza mara ngapi? Molasi ni sukari hiyo, na sukari na saruji ni paka na panya.

Saruji haikauki kama nguo, saruji inagandishwa na maji, chembe zake zinakula maji na kuota vijisindano vinavyoshikana. Sukari inakuja kujibandika kwenye uso wa chembe na kuziba pale vijisindano vinapotaka kuotea. Na haihitaji nyingi. Asilimia 0.05 ya uzito wa saruji inatosha kuchelewesha, kwenye mfuko wa kilo 50 hiyo ni gramu 25, vijiko vitano sita vya chai, yaani kikombe cha mzee mwenye kisukari cha kubisha. Ukizidisha mara nne mara tano zege linaweza kugoma kabisa kuganda. Madereva wa magari ya zege wanaijua hii, gari likiharibikia njiani wengine wanamwaga sukari au soda ndani ya pipa ili lisigande humo wakaanza kuligonga na patasi wiki nzima.

Na msidhani kuchelewesha ni uharibifu tu. Hata saruji yenyewe mnayonunua ina cha kuchelewesha ndani, kiwandani wanasaga klinka, yale mabonge yanayotoka tanurini, pamoja na jasi, kama asilimia 3 mpaka 5. Bila hiyo jasi ungetia maji, ukageuka kuchukua koleo, ukarudi limekuwa jiwe. Na dawa za dukani za kuchelewesha zege kwenye joto kali baadhi ni jamii hiyo hiyo ya sukari, ila zimepimwa kwa mililita.

Cha kufanya. Msibomoe leo, msitoe miti ya chini hata mmoja, mfunike kwa turubai au mifuko na mlowanishe kila siku. Sukari ikiwa kidogo itashindwa, zege litaganda kwa kuchelewa na wakati mwingine linakuja kuwa zuri tu. Mkwaruze kwa msumari kila siku, likianza kugoma msumari hesabuni siku 28 kuanzia hapo, sio kuanzia Jumamosi. Lakini hiyo ni slebu, watu watakaa chini yake, kabla ya kutoa miti mleteni mhandisi alipime. Kama wiki imepita kidole bado kinaingia, hilo ni la kubomoa, poleni.

Na kwa kuwa mmenitajia maji niseme la moyoni, molasi inatokea mara moja kwa miaka kumi, kinachoua zege la Watanzania kila siku ni maji masafi ya kisimani. Mfuko mmoja unataka kama lita 25, dumu moja la ishirini na robo yake, saidia fundi anamimina madumu mawili ili liteleze kwenye toroli. Saruji inakunywa inayoweza, yale mengine yanakaa mle ndani, yakikauka yanaacha vitundu, una zege kama mkate. Mkitaka liteleze kuna dawa ya kulainisha zege, inasambaza chembe za saruji zisigandamane, unapata uji ule ule kwa maji machache. Inauzwa kwa lita, na ni hela nzuri kuliko kuongeza mfuko.

"Mzee wangu, Bagamoyo. Mchanga wa mto umepanda bei, mchanga wa ufukweni uko hapo bure. Fundi anasema mbona magofu ya Kilwa yamejengwa baharini na yapo mpaka leo."

Fundi wako amesema kweli tupu na amekupoteza.

Kilwa Kisiwani pale kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo, Husuni Kubwa ni ya karne ya 14. Nimeenda mara mbili nikazishika kwa mkono. Tafuta nondo humo ndani. Haipo! Ukuta ule unabeba kwa uzito na unene wake, chumvi ikiingia haina cha kuila.

Wewe unajenga nguzo nyembamba yenye nondo. Saruji ni kali kama magadi, na ukali huo unaijengea nondo ngozi ya kuikinga, kama ile ya stenlesi lakini ya kupewa, na chumvi ndo inaitoboa. Kutu ikianza inavimba, inachukua nafasi mara mbili na zaidi ya chuma kilicholiwa, inasukuma zege kutoka ndani. Pita barabara yoyote ya ufukweni uangalie kingo za vibaraza, zile nyufa ndefu zinazofuata nondo zenye michirizi ya rangi ya kahawia, ndo hiyo.

Viwango vya Ulaya vinataka kloridi yote, ile sehemu ya chumvi inayotoboa, isizidi asilimia 0.4 ya saruji kwenye zege lenye nondo, yaani gramu 200 kwa mfuko. Ukikorogea maji ya bahari, lita 25 zile zimebeba karibu nusu kilo, umeshapita mara mbili na mchanga hujautia. Mchanga wa ufukweni wenyewe haueleweki, wa juu unalowa na kukauka kila siku na kila ukikauka unabakiza chumvi. Kuna wanaouosha kwa maji baridi, inawezekana, ila upeleke ukapimwe, ulimi sio maabara. Na ukikutana na dawa ya kuharakisha zege yenye kloridi ya kalsiamu, hiyo nayo ni chumvi, inafaa kwenye matofali yasiyo na nondo, kwenye nguzo usiiguse.

Ukuta wa kuzungushia banda la mbuzi, usio na nondo? Utapata madoa meupe na rangi kubanduka, lakini hautaanguka kwa sababu hiyo. Nyumba nunua mchanga wa mto.

"Fundi, kiti cha plastiki nilinunua mnadani Dodoma, cheupe, mwaka mmoja tu mguu umekatika baba mkwe akiwa amekaa. Nikipitisha mkono juu yake natoka na unga mweupe."

Pole sana dada, na mfikishie mzee pole zangu.

Huo unga ndo ushahidi. Jua la Dodoma linakata nyuzi za plastiki kidogo kidogo, sehemu ya juu inakufa na kubaki vile vilivyokuwa vimechanganywa, rangi na mara nyingi chokaa laini ya kusaga. Chokaa haitiwi kwa wizi peke yake, ikipimwa inafanya plastiki iwe kakamavu isipinde, ila ni rahisi kuliko plastiki kwahiyo mkono wa mtu unateleza, na ikizidi kiti kinakuwa kikavu, hakipindi, kinakatika. Chukua kipande cha ule mguu kitie kwenye ndoo ya maji. Plastiki ya viti ikiwa tupu inaelea. Ikizama, imebeba mzigo wa chokaa wa kutosha.

Ukitaka plastiki ya kukaa juani angalia mabomba meusi ya maji, yametiwa masizi, asilimia 2 mpaka 2.5, yanameza mwanga kabla haujaikata plastiki. Matanki meusi pia ndo maana yake, sio urembo. Kiti cheupe kiweke barazani.

"Kwanini makatambuga ya tairi hayaishi, na kwanini kandambili zikikatika tunaziunga kwa moto lakini kipande cha tairi ukikichoma hakiyeyuki? Arusha."

Mpira unaotoka mtini ni utomvu, ukipata joto unanata, ukipata baridi unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear akaupika na kiberiti, namaanisha salfa yenyewe, sio cha kuwashia. Salfa inafunga nyuzi za mpira moja kwa nyingine kama mafundo ya wavu, na mafundo hayo hayafunguki kwa moto, ukizidisha moto yanaungua, kama ugali hauwezi kuurudisha kuwa unga. Salfa sehemu chache kwa mia ya mpira unapata tairi, tia 30 unapata kitu kigumu cheusi kama pembe, makasha ya betri za gari za zamani yalikuwa hicho. Kandambili nyingi za siku hizi hazina mafundo ya kutosha, ndo maana kisu cha moto kinaziunga.

Kutoisha kwake ni masizi tena, karibu robo ya uzito wa tairi, bila hayo tairi lingekuwa na rangi ya maziwa ya chai na lingelika kama kifutio. Unapochagua la kukatia makatambuga chukua lisilo na nyaya za chuma ndani, zikianza kuchomoza zinakuchoma unyayo, na kata kutoka ubavuni kwa ajili ya mikanda maana pale ni jembamba linapinda, soli ndo utoe pale linapokanyaga barabara.